Nani Kasema Punda Haugui?

Nani kasema?

Ndivyo wanavyoitikia watu wa mji huu. Ukiwaamkia, nani kasema? Ukiwaambia chumvi imezidi, nani kasema? Ukiwapigia ukelele kwamba paa lao linaungua, watatoka mlangoni taratibu, macho yamewatoka kwa moshi, wakuulize vilevile. Usidhani ni ubishi. Ni adabu. Huku neno halitoki kinywani likiwa uchi. Lazima livishwe jina la aliyelisema kabla yako, naye awe amelivisha jina la aliyemtangulia, na hivyo hivyo kurudi nyuma hadi huko ambako hakuna anayekwenda kuangalia. Hata asubuhi haianzi mpaka mtu mwenye uzito atamke kwamba jana ilianza. Nimewahi kuketi kwenye ukungu nikingoja mkubwa mmoja amalize kupiga mswaki ili kupambazuke.

Na uzito ninaousema ni uzito hasa. Mtu wa huku haongezwi kilo na ugali. Anaongezwa na vinywa. Kila anapotajwa mahali, hata pale asipokuwepo, nyama ya mwili wake huongezeka kidogo. Wanaotajwa sana hupita barabarani ardhi ikilia chini yao, nao huketi Barazani kwenye viti vya mninga vilivyofungwa vyuma. Wasiotajwa hutia mawe mifukoni, maana upepo wa mlima hauna huruma. Nilimwona kwa macho yangu mtafiti mmoja hodari, aliyejua mambo ya chawa wa bata kuliko bata wenyewe, akinyanyuka polepole juu ya mapaa akaenda zake. Tulimpungia mkono. Ungefanya nini? Hakuna aliyeshughulika na chawa wa bata.

Wajanja wanajua njia. Wawili wakikutana pembeni huambiana, "Nitaje nikutaje," wakaachana kila mmoja kanenepa. Wengine hujifungia ndani wakajitaja mbele ya kioo hadi kitanda kikakatika. Halafu kuna misimu. Mpiga mbiu hupita na kengele akitangaza, "Msimu huu ni kuku!" na daktari aliyelala zizini miaka na miaka akikanda viwele vya ng'ombe utamkuta kesho yake anakimbizana na vifaranga. Ukaja msimu wa paka. Ukaja msimu wa popo, watu walipoingiwa na hofu, na popo wenyewe hawakupata pa kulala kwa jinsi walivyotafutwa. Mimi, Mize, daktari wa mifugo, niliandika juu ya kideri, ugonjwa unaoua kuku, kabla kengele yao haijalia, basi mbiu ilipopita ikanikuta nimeshafika. Ndiyo maana nina kigoda Barazani na upepo haunichezei. Sijisifu. Au tuseme najisifu, lakini kwa haki, kideri nakijua.

Punda hawajawahi kupata msimu.

Lisikilize hilo vizuri, kwa sababu mji huu uko kileleni na hauna kisima. Kila tone la maji, la chai ya wakubwa, la kunawa, la kuoshea maiti, hupanda kutoka bondeni mgongoni mwa punda. Huo ndio ujinga niliohamia. Waandishi wa mji wamejaza kuta kwa habari za paka, ambaye hajawahi kumletea mtu hata kikombe.

*

Tunu alikuja kwangu jua likiwa utosini. Tunu ni mdogo wangu, tumbo moja, naye ndiye mchota maji wa mtaa wetu. Alikuwa anamvuta punda wake, Subira, na mapipa yalikuwa nusu.

"Dada Mize, mwangalie huyu. Hali majani. Anakohoa tangu juzi, na njiani kapiga magoti mara mbili. Hajawahi."

"Wenzake je?"

"Wenzake! Kule bondeni kumelala kumi na kitu, hawainuki. Wewe unakaa na kuku wako huko, hujui dunia."

Niliweka sikio kwenye mbavu za Subira. Ndani kulikuwa na mkwaruzo, kama mtu anaburuta gunia la makumbi sakafuni. Nikafunua mdomo nikatazama fizi, nikapima joto, nikahesabu pumzi. Mapafu. Sikuhitaji kuuliza mtu. Na dawa yake naijua, imejaa tele katika Ghala, ni ileile wanayopewa paka wa wakubwa wakipiga chafya.

"Asipoipata leo?" Tunu aliuliza.

"Hafiki kesho."

Tunu hakulia. Alimfuta Subira tongo za macho kwa ncha ya kanga yake, akasema, "Basi nenda, Dada. Si una kigoda?"

Mlinzi wa Ghala ni Machano, mtu mpole, hana kosa ila utii. Aliniona naja akajipanga mlangoni.

"Dawa ya kifua, Machano. Ya punda. Nyingi."

"Nani kasema?"

"Nimesema mimi."

"Wewe Daktari umetajwa kwa kuku. Ya kuku nitakupa sasa hivi, hata bila kuku. Kwa punda huna jina, mama. Nisamehe."

Nikaenda Barazani. Huko Msemaji Mkuu ni Profesa Makungu, mzito kuliko wote, mtu ambaye kiti chake hubadilishwa kila mwezi. Sakafu chini yake imebonyea hadi wageni wakiingia huteremka kumwendea bila kukusudia. Nilimwambia: punda wanakufa bondeni, homa ya mapafu, nataka neno lako Ghala lifunguliwe.

Alinitazama kwa huruma. "Punda haugui kifua kamwe, Mize."

Wote wakaitikia kwa vichwa. Ni neno maarufu. Limechongwa juu ya mlango, watoto hulisoma shuleni, nalo limebeba nusu ya uzito uliomo mle ndani, maana kila aliyelitamka amemtaja aliyelitamka kabla, na yule akamtaja mwingine. Ndipo nilipofanya jambo ambalo halifanywi. Nilimuuliza mkubwa swali la wadogo.

"Nani kasema?"

Mtu mmoja aliangusha kikombe.

"Kirembwe kasema," Profesa alijibu, akicheka kwa shida. "Kila mtu anajua."

"Ulimsikia?"

"Nilimsikia aliyemsikia aliyemsikia. Hiyo si inatosha? Mimi nishuke mnarani hadi kwake na mwili huu?"

"Kaa," nikamwambia. "Nitashuka mimi."

*

Fikiri nami kidogo, kwa sababu ngazi za Mnara wa Marejeo ni ndefu na mtu hushuka akiwaza. Ugonjwa usiotajwa upo? Wale wa juu watakuambia haupo, haujafika. Uko nje ya lango, unangoja mtu mwenye jina aushike mkono auingize. Lakini Subira anakohoa. Kikohozi hakikungoja lango. Basi kuna dunia mbili, nikawaza, ile inayokohoa na ile inayotajwa, na sisi tumehamia ile ya pili na mizigo yetu yote, tukamwachia punda ile ya kwanza. Na nani mwenye nguvu? Anayetajwa, au anayetaja, au yule ambaye akilala chini wote wawili wanakufa kiu? Mimi nilikuwa na jibu langu. Nilikuwa nalo tangu nilipoweka sikio kwenye zile mbavu. Sikushuka kutafuta jibu. Nilishuka kutafuta mtu.

Mnara ule umejengwa kichwa chini, ghorofa juu ya ghorofa, kila mtu kasimama mabegani mwa aliyemtaja. Ukishuka ngazi unashuka na wakati. Viatu vyangu vilianza kuwa vya mtindo wa zamani bila mimi kuvivua.

Ghorofa ya kwanza nilimkuta bwana mwenye miwani minene amesimama juu ya mabega mawili.

"Ulisema punda haugui kifua kamwe?"

"Mimi? Neno kamwe sikuliweka mimi. Mimi nilisema punda haugui kifua. Hilo wameliongeza wa juu, linapendeza ukisoma."

"Nani kakuambia haugui?"

Alinyoosha kidole chini. Nikashuka. Hapo mikono yangu ilikuwa si yangu tena. Ilikuwa mikono mirefu yenye wino, na nilipofungua kinywa ilitoka sauti ya mwanamume mwenye mafua. Sikuogopa. Ndivyo ilivyo huko. Ukikaa mahali pa mtu kwa muda unakuwa yeye kiasi. Nikajisikia nikisema: punda ni nadra kuugua kifua. Nadra! Nikajiuliza mwenyewe, kwa ile sauti ya mafua, nadra umeipata wapi wewe? Nikajijibu bila haya: nilikuwa na haraka, msimu ulikuwa unafungwa, na aliye chini yangu alisema hakuna punda aliyeonekana kuugua. Hakuna na nadra si yanakaribiana?

Nikajivua yule mtu kama koti nikaendelea.

Chini zaidi kulikuwa na bibi mmoja mnene, mkali, anafuma kofia. "Ndiyo, nilisema hakuna punda aliyeonekana kuugua kifua. Na ni kweli. Mimi sikuona hata mmoja."

"Ulitazama punda wangapi?"

"Kutazama? Mimi nilisoma." Akanikazia macho. "Na wewe unayeshuka shuka hivi, umeshatajwa na nani?"

"Na kuku," nikamjibu, nikapita.

*

Chini kabisa hakuna ghorofa. Kuna udongo. Na kwenye udongo, kazama hadi magotini kwa uzito, alikaa mwanamke mzee mwembamba wa mifupa lakini mzito wa kutisha, mnara wote uko mabegani mwake. Kando yake palikuwa na mkoba wa ngozi wa daktari wa mifugo, wa zamani, vifungo vimeota kutu. Nikajua nimefika.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunitaja au kunisikiliza?"

Watu wangapi walikuwa wamelitamka jina la Kirembwe siku ile tu, na huyu hapa anauliza hivi.

"Kukusikiliza. Bibi, ulisema punda haugui kifua?"

Alicheka mpaka juu kule mtu akapiga kelele mnara unatikisika. "Loo! Ndipo walipofika? Mimi nilikuja mji huu kupima mifugo wote, kifua kwa kifua. Nikapima ng'ombe, nikapima mbuzi, kondoo, mpaka mbwa wa mtaani. Nikauliza, punda wako wapi? Nikaambiwa punda wako kazini, wamekwenda kuleta maji. Nikangoja. Wakirudi wanapakuliwa, wanateremshwa tena. Hawakuwa na nafasi ya kupimwa. Basi nikaandika kama ilivyo: punda sikuwapima."

"Punda sikuwapima."

"Hayo tu. Nikajua atakuja mwingine awapime. Neno lile lilikuwa mlango, mwanangu, niliuacha wazi. Wakaja wengi. Kila aliyekuja alisimama juu yangu." Akashusha pumzi. "Sijafa kwa sababu wananitaja. Wenzangu wote wamepumzika. Nimechoka kuwa mzito."

Nikamweleza habari za Subira, mbavu, mkwaruzo, bonde. Alisikiliza kichwa kimeinama upande, kama anavyosikiliza daktari. Nikamwambia na ukweli mwingine, maana sikutaka kumhadaa: akipanda akalikana lile neno, uzito wote utamtoka, na mtu asiye na uzito katika mji huu anajulikana anakokwenda.

"Nawe unaniogofya na hilo?" alisema. "Nipe mkono."

Nilimvuta. Udongo ukamwachia kwa shida, shwaa. Na alipotoka chini, mnara ukapiga mwayo.

Kupanda kulikuwa vita. Yule bibi wa kofia alitushika nguo. "Mkimtoa huyo mimi nitasimama juu ya nini?"

"Juu ya miguu yako," Kirembwe alimwambia. "Unayo. Ijaribu."

Mwenye mafua alilia wazi. Mwenye miwani alisema tutaanguka sote, nikamwambia mtashuka, baba, na kushuka si kuanguka. Na kila ghorofa tuliyopita Kirembwe alizidi kuwa mwepesi mkononi mwangu, mpaka mwisho nilikuwa kama nimeshika kanga iliyoanuliwa. Mkoba wake ndio uliomweka chini.

*

Barazani walituona kituko. Nikamsimamisha katikati.

"Wakubwa," nikasema, "mwenye neno huyu hapa."

Kirembwe hakupoteza muda. "Punda sikuwapima."

"Nani kasema?" waliitika wote, kwa mazoea.

"Kirembwe."

Profesa Makungu alimtazama kutoka juu hadi chini, akatikisa kichwa. "Kirembwe kasema punda haugui kifua kamwe. Wewe unasema hukuwapima. Basi wewe si Kirembwe."

Nilitukana. Sitalirudia neno lenyewe, lakini lilikuwa langu, halikuwa na jina la mtu mbele yake. Kirembwe aliniminya kiganja. Hakukasirika hata kidogo. Alionekana kama mtu aliyetegua kitendawili. "Sawa," alisema kwa upole. "Kama mimi si Kirembwe, basi nimepumzika. Lakini masikio ni yangu. Punda yuko wapi?"

Hapo mlango ukafunguka kwa kishindo. Ni Tunu. Kachoka kungoja, kamleta Subira mpaka ndani, kwato zake zinapiga ile sakafu ya kifalme, mapipa mawili ubavuni yana maji kiduchu yanayolia kwa chini.

"Samahanini wakubwa," Tunu alisema, na sauti yake haikuwa na samahani. "Haya ndiyo maji ya mwisho. Bondeni hakuna punda mwingine anayesimama. Nimeona niwaletee wenyewe. Siku zote nasikia asante ya punda ni mateke. Leo nimekuja kuitazama ya binadamu."

Subira akakohoa.

Kikohozi kirefu, kibichi, kilimtoka tumboni kikamtikisa mpaka mkiani. Na ukumbi mzima, wazito na wasio wazito, ukaitikia kwa pamoja kabla haujafikiri:

"Nani kasema?"

Halafu wakasikia walichouliza. Profesa Makungu akatazama gilasi yake, ilikuwa kavu. Kirembwe alivuka ukumbi, nyayo zake zikigusa na kutogusa, akamshika yule mtu mzito kuliko wote kwa kidole kimoja, akamwongoza kama unavyomwongoza mtoto mgonjwa chooni. Akamwinamisha. Akalilaza sikio lake ubavuni mwa punda.

Profesa alikaa pale. Sote tulimwona uso ukibadilika. Kwanza kero ya manyoya, kisha mashaka, kisha kitu ambacho sina hakika kama amewahi kuwa nacho tangu utotoni.

"Kinakwaruza," alisema.

Hakuna aliyemuuliza nani kasema. Kirembwe akamvuta mwingine, akaweka sikio lake, na mwingine, na mwenye miwani aliyekuwa ameshuka mabegani akapanda kwa miguu yake akaja mwenyewe bila kuvutwa. Kila sikio lililoinuka pale lilikuwa na habari yake, na kila habari ilipunguza mahitaji ya jina la bibi yule. Niliona vidole vyake vinaachia mpini wa mkoba. Nikataka kusema, Bibi, kaa kidogo. Nikataka kumwambia asante. Alikuwa ameshapita dirishani, juu ya mapaa, anaondoka bila haraka, na sikumpungia mkono kama tulivyompungia yule wa bata. Nilisimama wima nikamtazama mpaka mwisho, nikalia mbele za watu, na sijali aliyeniona.

Kisha nikafuta uso, nikachukua mkoba. Kazi ilikuwa inangoja. Tuliteremka Ghalani, mimi na Tunu tumemshika Subira huku na huku, na Profesa Makungu mbele yetu, unyoya wa punda umemganda sikioni, anatembea kwa miguu ambayo kwa mara ya kwanza haikuliza ardhi.

Machano alijipanga mlangoni, mnyenyekevu, imara.

"Dawa ya kifua," Profesa alisema. "Ya punda. Yote."

"Nani kasema, Profesa?"

Profesa alimtafuta Kirembwe, hakumwona. Akanigeukia mimi. Nilifunga mdomo wangu, nikasogea kando, ili kati yake na Subira pasiwe na mtu.

"Punda," alisema.

Machano alilitafuta jina hilo kichwani mwake, moja moja, kutoka aliyetangulia hadi wa mwisho. Hakulipata. Subira akakohoa tena, karibu na uso wake, na Machano akachukua funguo.